Somo la Historia: Picha Zilizookolewa Matopeni

Leo historia yetu yatupeleka Japani, katika mji wa wavuvi uitwao Ofunato.

Tarehe 11 Machi 2011 nchi ilitetemeka huko, kisha bahari ikainuka ikaingia mijini. Katika Japani watu zaidi ya 18,000 walikufa au hawakuonekana tena. Maji yalipotoka, watu waliofukua kifusi waliokota picha: za arusi, za watoto, za mababu. Hawakuzitupa. Aliyepotewa na nyumba na jamaa pengine hakubakiwa na sura zao mahali pengine popote. Tena Wajapani wengi huweka picha ya marehemu nyumbani, mahali pa kumkumbukia. Asiye nayo ataweka nini?

Lakini picha iliyolowa matope haidumu. Juu ya karatasi pana utando mwembamba wa jelatini, kitu kama gundi kitokanacho na mifupa na ngozi za wanyama, na sura imo ndani ya utando huo. Vijidudu huula. Basi lazima kwanza isafishwe. (Sisemi kusafisha kule kwa mpiga picha wa mjini, nasema kuosha hasa, kwa maji na burashi laini, kisha kuianika.) Miongoni mwa waliojitolea alikuwa Bibi Becci Manson, fundi wa kurekebisha picha. Yeye na wenzake waliosha kwa mkono picha 135,000.

Nyingine zilikuwa zimeharibika mno, kuosha hakukutosha. Hapo ndipo kompyuta ilipoingia. Mafundi wa karne ya 19 walirekebisha picha kwa penseli na burashi. Mwaka 1990 ikatoka programu iitwayo Photoshop, iliyoanzishwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll. Mashine huinakili picha na kuigawa katika nukta ndogo mno, kila nukta na hesabu ya rangi yake. Fundi huchukua nukta za mahali pazima akazipandikiza palipoharibika, kama mshonaji atiavyo kiraka cha kitambaa kile kile. Picha yenyewe haiguswi. Akikosea, huanza tena.

Bibi Manson aliomba msaada kwa njia ya intaneti, na mafundi zaidi ya 500 wa nchi mbalimbali wakaitikia. Familia 90 zilirudishiwa picha zao zikiwa nzima.

Mbingu au ukuta ni kazi rahisi. Uso ndio mgumu. Jicho la mama likiwa limeliwa, utamtilia jicho la nani? Kwangu mimi, pengo ni afadhali kuliko jicho la kubuni, maana mtoto atalitazama miaka yote akidhani ndilo.

Na mkono uwezao kurudisha uso waweza kuufuta pia. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi ya siri ya Urusi ya Kisovieti, alipigwa picha kando ya mfereji pamoja na Stalin. Aliuawa mwaka 1940. Katika picha iliyotolewa baadaye hayumo: mahali pake pana maji tu. Kompyuta ilikuwa bado.

Maswali ya kujadiliana darasani:
Kwa nini picha iliyolowa haiwezi kungoja?
Mzee wenu akisema, "Nitilieni jicho lolote," mtamjibuje?