Suruali ya Jodhpur

Suruali ya Jodhpur ni aina ya suruali ya kupandia farasi yenye asili ya Uhindi. Kwa umbo lake la jadi ni pana sana kwenye nyonga na mapaja, kisha inabana kuanzia gotini hadi kwenye kifundo cha mguu. Awali ilikuwa vazi la wanaume kwa ajili ya uwindaji, mchezo wa polo na safari za farasi.

Jina

Jina linatokana na mji wa Jodhpur katika jimbo la Rajasthan, ulioanzishwa mwaka 1459 na Rao Jodha. Ulikuwa makao makuu ya ufalme wa Marwar.

Historia

Chanzo chake ni churidar, suruali ya Kihindi inayobana miguuni. Churidar hukatwa ndefu kuliko mguu, hivyo kitambaa hujikunja kwenye kifundo na kuonekana kama bangili zilizopangwa.

Sir Pratap Singh (1845–1922), mwana wa Maharaja Takht Singh wa Jodhpur, hutajwa kwa kawaida kuwa ndiye aliyebuni umbo jipya. Alikuwa mpanda farasi hodari, mchezaji wa polo na mwindaji wa nguruwe mwitu kwa mkuki. Mwaka 1897 alikwenda London kuhudhuria jubilei ya miaka 60 ya Malkia Viktoria, na suruali yake iliwavutia Waingereza. Mafundi cherehani wa London wakaanza kuishona kwa wateja wao. Hivyo, wakati Uhindi ilipokuwa chini ya utawala wa Uingereza, vazi la watawaliwa liliingia katika kabati za watawala.

Muundo

Vitambaa vya kufumwa vya zamani havikuvutika. Suruali iliyobana mwili wote ingechanika au kumzuia mpanda farasi alipopanda, kukaa na kuinuka juu ya tandiko. Upana wa nyongani ulimpa nafasi ya kujongea. Sehemu ya chini ilibana ili kitambaa kisikunjamane na kuchubua ngozi. Upande wa ndani wa magoti mara nyingi huongezwa kiraka cha ngozi au kitambaa kigumu, kwa kuwa ndipo mguu unaposuguana na tandiko.

Tofauti na suruali nyingine za kupandia farasi

Suruali za Ulaya za kupandia farasi ziliishia chini ya goti au katikati ya shavu la mguu, nazo zilihitaji buti ndefu. Ile ya Jodhpur hufika kwenye kifundo, kwa hiyo huvaliwa na buti fupi. Buti hizo pia huitwa kwa jina la Jodhpur.

Matumizi ya baadaye

Mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake wengi zaidi wa Ulaya na Marekani waliacha kukaa upande mmoja wa farasi, wakaanza kupanda kama wanaume. Baadhi yao walichukua suruali hiyo, katika zama ambazo mwanamke kuvaa suruali hadharani kulikuwa jambo la kushangaza.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 vilienea vitambaa vinavyovutika, na upana wa nyongani haukuhitajika tena. Suruali za leo zinazoitwa kwa jina hilo hubana mguu mzima. Umbo la zamani bado huonekana katika sherehe na mitindo ya mavazi, hasa nchini Uhindi.

Tazama pia

Uhindi
Rajasthan
Polo
Farasi