Jando la Kikristo katika Masasi

Katika nchi ya Masasi, kusini mwa Tanganyika ya zamani, kijana wa Kiyao au wa Kimakua hakuhesabiwa kuwa mtu mzima asipopita jandoni. Kwa hiyo mapadre waliingia taabuni. Wakilikataza jando, vijana waliobatizwa huenda kwa siri. Wakinyamaza, mafundisho ya Kipaimara hutanguliwa na kumbi. Vincent Lucas, Askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, alishika njia ya tatu: alilitia jando ndani ya Kanisa. Tohara ikabaki, na kukaa porini kukabaki, bali sala zilishika mahali pa matambiko, na padre akawa pamoja na vijana. Twadhani mzigo mkubwa waliuchukua mapadre wa Kiafrika, si Askofu, maana wao ndio walioijua mila hiyo kwa ndani.

Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mambo ya unyago yalikuwa mikononi mwa makungwi, wala haikumpasa padre kuyauliza. Wanawake Wakristo wasipokubali kufundisha, hapana mafundisho. Ndiyo sababu, tukitaka kujua wasichana wale waliambiwa nini, maandiko ya wanaume yatufaa kidogo tu.