Ukuta Ulioanguka Mara Tatu: Filamu ya Back Stage (1919)

Mpenzi wa historia ya sinema huikumbuka picha moja: Buster Keaton amesimama wima, ukuta wa mbele wa nyumba unamwangukia, naye anasalimika kwa kuwa amesimama mahali panapoangukia nafasi ya dirisha. Picha hiyo ni ya mwaka 1928, katika Steamboat Bill, Jr. Hata hivyo, chimbuko lake ni la miaka 9 kabla, katika mchezo wa watu wasiokuwa waigizaji.

Back Stage, filamu fupi isiyo na sauti, iliongozwa na Roscoe Arbuckle nchini Marekani. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Keaton baada ya kurudi kutoka jeshini Ufaransa. Arbuckle na Keaton ni vibarua wa ukumbi wa maonyesho. Anafika pale mbabe wa misuli anayemtwisha msaidizi wake wa kike mizigo yote. Vibarua wanamtetea msichana, waigizaji wanagoma, na vibarua wenyewe, pamoja na msichana huyo, wanapanda jukwaani badala yao. Katikati ya onyesho, ukuta wa nyumba ya bandia unamwangukia Arbuckle, na dirisha linamwokoa.

Hapa kicheko kinatokana na jukwaa kufichua ubandia wake. Mwaka 1920, katika One Week, Keaton aliurudia ukuta huo katika nyumba ambayo maharusi wameijenga kombo kwa hila ya mpinzani wao. Mwaka 1928 dhoruba ndiyo inayouangusha, na mchezo umekuwa hatari ya kifo. Hivyo wazo lililoanza kama aibu ya wasio na ujuzi likakomaa kuwa kielelezo cha binadamu mbele ya maafa.

Mbona basi Arbuckle hatajwi sana? Mwaka 1921 alishtakiwa kuhusiana na kifo cha mwigizaji Virginia Rappe. Baada ya kesi tatu, tarehe 12 Aprili 1922, mahakama ilimwona hana hatia. Siku 6 baadaye filamu zake zikapigwa marufuku. Marufuku hiyo iliondolewa kabla ya mwaka kwisha, lakini hadhi yake haikurejea.

Mahakama ilimwachia huru mtu, si kazi yake. Anayeandika historia ya kichekesho hana budi kuanza na yule aliyeangukiwa kwanza.