Nyama inaanza kuharibika kabla ya kisu

Wadau, sisi wa Magole, wilayani Kilosa, tuko kwenye barabara ya Morogoro–Dodoma, kwa hiyo malori ya ng'ombe wanaopelekwa mnada wa Pugu, Dar, tunayaona sana. Wamebanana, aliyeanguka anakanyagwa na wenzake, utingo anamkunja mkia ili ainuke. Ukilalamika unaambiwa hayo mambo ya wazungu. Haya, tuache huruma kidogo, tuongee pesa.

Kwenye misuli ya ng'ombe kuna akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Akishachinjwa, akiba hiyo inageuka asidi, pH inashuka hadi kama 5.5, na bakteria wanapata shida kuzaliana. Sasa ng'ombe aliyepigwa na kuchoshwa, akiba kaimaliza njiani. Nyama yake inatoka nyeusi, kavu, inaoza upesi. Kwa bucha isiyo na friji hiyo ni hasara ya siku hiyohiyo. Na pale fimbo ilipotua damu inavilia, panakatwa panatupwa.

Kumswaga bila fimbo inawezekana. Ng'ombe anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma kabisa. Ukiwa ubavuni kwake, pita bega lake kuelekea mkiani, atasonga mbele mwenyewe. Akigoma, tazama mbele yake kwanza: kivuli, dimbwi linalong'aa, hata kanga iliyoanikwa humtisha.

Machinjioni apumzike na apate maji. Kisu kiwe kirefu na kikali kwelikweli, kisinolewe mbele yake, wala mwenzake asichinjwe anaona (Waislamu wamefundishwa haya karne nyingi). Mkato mmoja wa haraka, mishipa ya damu ya pande zote mbili ikatike. Mbuzi kwa kawaida huzimia ndani ya sekunde chache. Ng'ombe anaweza kuchukua hata zaidi ya dakika, maana anayo mishipa mingine inayopita kwenye mifupa ya shingo hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana machinjio mengi ya nje humpumbaza kwanza kwa bastola maalumu. Kwetu huo ni mjadala wa dini, siuingii leo. Ila kuanza kumchuna akiwa bado hajafa, hilo jamani halina utetezi. Gusa jicho, likipepesa, subiri.

Na sheria ipo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, inagusa usafirishaji na uchinjaji pia. Ukiona mnyama anateswa, wa kumwona kwanza ni ofisa mifugo wa kata.