Kitabu Kilichokosa Mapaja ya Mama

Katika nyumba nyingi za Rugenge kitabu ni kitu cha shule: hufunguliwa siku za mtihani, kisha huwekwa juu, mbali na mikono ya watoto wadogo. Mazoea hayo yana historia, nayo ilianzia kwenye pwani hii yetu.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka uliofuata walivuka ziwa wakafungua misheni ya Mulweba, katika nchi ya Masanze, na mwaka 1883 wakaanzisha Kibanga, penye rasi ya Ubwari. Waliokusanywa hapo walikuwa, kwa sehemu kubwa, watoto waliokombolewa utumwani. Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Miongoni mwa watu wa kwanza kufundishwa herufi kandokando ya maji haya walikuwamo watoto walionyang'anywa mama zao. Walikutana na kitabu darasani, mbele ya mwalimu. Hapakuwa na mapaja ya mama ya kukifungulia. Njia hiyo ilizaa matunda makubwa, kwani Stefano Kaoze, aliyesomea Mpala, alipewa upadri mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya nyakati hizo. Hata hivyo, kitabu kilibaki shuleni.

Jioni, kwa upande wa pili, mama na bibi waliendelea na kazi yao: nyimbo za kubembeleza, hadithi na vitendawili, kwa Kivira, Kifuliiru au Kibembe. Mtoto alicheza na maneno kabla hajaweza kusimama. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo shule ya kwanza ya msomaji, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Mwaka 1992, katika mji wa Birmingham, Uingereza, familia 300 zilipewa vitabu kwa ajili ya watoto wachanga, zilipowapeleka kupimwa afya. Watoto walikuwa na umri wa miezi tisa hivi. Huenda tukacheka: mtoto wa miezi tisa atasoma nini? Atakitafuna kitabu, atakipindua juu chini, atapiga picha kwa kiganja. Na wakati huo anasikia sauti aipendayo ikitaja majina ya vitu. Akianza darasa la kwanza, kitabu si mgeni wa kuogopwa.

Kwetu mama nao hupanga foleni siku ya kupima watoto, ila hurudi nyumbani bila kitabu. Lakini tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook unatoa hadithi fupi za picha, za Kiswahili zikiwamo, na kila mtu ana ruhusa ya kuzichapa bure. Na asiyepata karatasi zilizochapwa ana makaratasi ya katoni, uzi na kalamu.

Wengi wetu hubeba wadogo zetu mgongoni mama akiwa sokoni. Mshushe mdogo wako, umpakate, umfungulie picha ya mtumbwi. Muulize samaki yuko wapi, kisha usijibu upesi. Ungoje kidole chake.