Karakana za Wanafunzi Zilizozaa Ndege za Nyuzi

Tarehe 27 Novemba 1957, glaida moja, yaani ndege isiyo na injini, iliruka kwa mara ya kwanza nchini Ujerumani. Iliitwa Phönix. Umbo lake lilikuwa la nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini na kulazwa juu ya mbao nyepesi za balsa, na kabla yake hakuna glaida iliyokuwa imeundwa hivyo. Masimulizi mengi ya historia ya usafiri wa anga huitaja kwa haraka kisha hukimbilia Boeing na Airbus, kana kwamba ufundi wa kompoziti, yaani nyuzi zilizoshikwa na resini, ulianzia kwenye viwanda vikubwa na baadaye ukashuka mashuleni. Ninavyoona mimi, mambo yalikwenda kinyume. Ufundi huu ulikomaa kwanza katika karakana za wanafunzi, ukasambaa kwa sababu wanafunzi hao walihamia viwandani na ujuzi wao, na hadi leo haujapata njia ya kurithishwa inayoweza kuupita uanagenzi.

Sababu imo ndani ya nyenzo yenyewe. Bati la alumini hufika kiwandani likiwa na nguvu zake tayari. Kazi ya fundi ni kulikata, kulitoboa na kulipiga ribiti bila kuliharibu. Kompoziti ni kama zege: nguvu zake huzaliwa palepale kazini. Resini hukutana na kigumishi kwa kipimo, nyuzi hulazwa tabaka kwa tabaka kwa mwelekeo uliokusudiwa, hewa hunyonywa, joto hupandishwa kwa mwendo maalumu, na kosa la kila hatua hufunikwa na hatua inayofuata. Mawimbi ya sauti yanaweza kufichua utupu au tabaka zilizoachana, lakini hakuna kipimo kisichovunja kitu kinachoweza kueleza gundi imeshika kwa nguvu kiasi gani. Mafuta ya kidole yaliyogusa uso uliokwisha kusafishwa yanaweza kudhoofisha kiungo ambacho vyombo vyote vitakiona kizima. Ndiyo maana ubora hutegemea namna kazi ilivyofanywa, na namna hiyo iko kwa mfanyaji.

Waingereza waliuona ukweli huu mapema, kwa gharama ya maisha ya watu. Ndege yao ya vita Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940, ilikuwa na mwili wa balsa iliyobanwa kwa gundi kati ya plaiwudi mbili, nao ni mpangilio uleule wa Phönix kwa vitu vingine. Maseremala wa viwanda vya samani vya High Wycombe walipewa sehemu zake waziunde, kwa kuwa mbao na gundi vilikuwa riziki yao tangu zamani. Mwaka 1944 baadhi ya ndege hizo zilivunjika zikiwa angani huko India na Burma. Lawama ya kwanza ilitupiwa joto na unyevu wa nchi hizo, na gundi ikashukiwa. Uchunguzi uliofuata ulikuta pia kasoro zilizotoka kiwandani, katika uunganishaji wa mbao za bawa. Mtu anaweza kusema kwamba kisa hiki kinadhihirisha hatari ya kuutegemea mkono wa binadamu. Hatari ipo, siikatai. Ila nyenzo ilikuwa njema, na mchoro ulikuwa mwema. Kilichopungua ni uangalifu wa kazi ambayo jicho la mkaguzi halikuweza tena kuifikia. Upungufu wa aina hiyo hutibiwa pale tu fundi anapojifunza kujikagua kabla hajafunika.

Wanafunzi wa Ujerumani waliingia katika kazi hii kwa kusukumwa na siasa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliibana nchi yao katika ndege za injini, hivyo vijana wa vyuo vya ufundi wakageukia glaida na kuanzia 1920 wakawa wanakutana kwenye mlima wa Wasserkuppe kuzishindanisha. Walianzisha vyama vilivyojulikana kama Akaflieg, huko Darmstadt, Stuttgart, Braunschweig na kwingineko, na desturi yao inastahili kutazamwa kwa makini: anayetaka kurusha sharti ashinde karakanani akijenga na kukarabati. Aliyepiga hesabu za bawa ndiye aliyelipiga msasa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia urushaji wa glaida ulipigwa marufuku, na ruhusa ilirudi 1951. Phönix ilitoka Stuttgart, kwa wabunifu Hermann Nägele na Richard Eppler.

Hapa kuna pingamizi lenye uzito. Eppler alikuwa mtaalamu wa hisabati, na umbo la bawa lake, lililokusudiwa kuufanya upepo upite bila kuvurugika, lilitokana na nadharia. Je, si nadharia iliyozaa ndege hiyo? Nadharia ilidai uso laini kuliko ule ambao mbao zingeweza kuutunza, nami naipa haki yake. Lakini dai hilo lingebaki kwenye karatasi kama kusingekuwa na watu waliojua kulaza nyuzi bila mikunjo na kusubiri resini ikauke bila kuharakisha. Tazama pia jinsi ujuzi ulivyoenea. Mwaka 1964 wanafunzi wa Darmstadt walirusha glaida D-36, kazi ya Gerhard Waibel, Wolf Lemke na Klaus Holighaus. Waibel akaenda kiwanda cha Schleicher, Holighaus akaenda cha Schempp-Hirth, Lemke akaungana na Walter Schneider katika kiwanda chake. Glaida zilizotoka katika viwanda hivyo vitatu ziliongoza mashindano ya dunia kwa miaka mingi. Kilichohama Darmstadt ni watu. Michoro peke yake isingefanya kazi hiyo. Braunschweig nao, mwaka 1972, walitia nyuzi za kaboni katika bawa la SB-10, wakati ndege za abiria zilikuwa bado za alumini.

Pingamizi la pili ni la zama zetu. Katika Boeing 787, ambayo nusu ya uzito wake ni kompoziti, mashine ndizo zinazozungusha nyuzi za kaboni kuunda mwili, kwa usahihi ambao hakuna fundi awezaye kuufikia. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini mashine hustawi penye kazi inayojirudia, ilhali jeraha la ndege halijirudii. Tarehe 12 Julai 2013 moto uliwaka ndani ya 787 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa imeegeshwa Heathrow bila mtu ndani. Chanzo kilikuwa betri ya kifaa cha kutoa ishara za dharura, nao ukaunguza sehemu ya juu ya mwili karibu na mkia. Wengi walijiuliza kama mwili wa kaboni ulioungua hivyo unatengenezeka. Ulitengenezwa, na ndege ikarudi angani.

Hata tundu dogo hudai ustadi. Fundi husaga tabaka zilizoharibika kwa mteremko mpana kuzunguka jeraha, akihesabu kila tabaka na kutambua mwelekeo wa nyuzi zake, hukausha unyevu, hulaza vipande vipya kimoja baada ya kimoja, hufunika kwa mfuko wa plastiki na kunyonya hewa, kisha hutandika blanketi la joto. Asome mwongozo mara mia, bila kusaga mwenyewe hatajua tabaka moja linaanzia wapi na kuishia wapi.

Ndege hizi zimefika kwetu pia: Ethiopian ilipokea 787 yake ya kwanza mwaka 2012, Kenya Airways 2014, Air Tanzania 2018. Wapo wanaohoji kwa nini tugharimie mafunzo ya ufundi huu wakati matengenezo makubwa yanaweza kufanyiwa ng'ambo. Makubwa yaende, sina ubishi. Lakini gari la mizigo likigonga ndege Dar es Salaam au Nairobi saa nane za usiku, alumini ingebonyea na kila mtu angeona. Kaboni inaweza kurudi katika umbo lake, rangi ikabaki salama, huku tabaka za ndani zimeachana. Anayeamua kama abiria wapande au wasipande ni fundi aliyepo uwanjani usiku huo.