Nchi Jirani: Kamera za Ulinzi za Nairobi na Kampala

Leo, mpenzi msomaji, tuvuke mpaka wa kaskazini tukatazame jambo ambalo majirani zetu wa Kenya na Uganda wamelipitia kwa gharama kubwa ya fedha na ya damu, yaani kamera za ulinzi. Usidhani kwamba hii ni mada ya mafundi peke yao. Kamera iliyofungwa juu ya nguzo barabarani inamhusu kila apitaye chini yake, na swali la nani anatunza picha zake ni swali la uraia, sawasawa na swali la nani anahesabu kura.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Watu wengi husema "kamera za CCTV", nami sina ugomvi nao. Lakini usemi huo huficha kitu kimoja muhimu: kamera hutazama tu. Chombo kinachohifadhi kile kilichotazamwa ni kinasa picha, ambacho mafundi hukiita DVR kwa kamera za waya wa zamani na NVR kwa kamera za mtandao. Kitenzi "kunasa" kina maana mbili zinazofaa sana hapa. Ndege hunaswa kwa ulimbo, na sauti hunaswa na chombo. Utakapomaliza kusoma utaona kwamba katika historia yote hii mzozo ulihusu kinasa zaidi ya kamera.

Mwaka 1942, huko Peenemünde nchini Ujerumani, mhandisi Walter Bruch alifunga kamera ili wataalamu watazame roketi za V-2 zikirushwa bila kuusogelea moto. Hapakuwa na kinasa. Picha ilipita kwenye kioo ikapotea, na asiyekuwapo hakuiona tena. Kampuni ya Ampex ya Marekani ilionyesha mashine ya kurekodi picha kwenye utepe mwaka 1956, ikiwa kubwa kama kabati na bei yake ikiwahusu wenye vituo vya televisheni tu. Miaka kumi baadaye muuguzi mmoja wa New York, Marie Van Brittan Brown, ambaye mara nyingi alikuwa peke yake nyumbani usiku katika mtaa ambao polisi walichelewa kufika, aliomba pamoja na mumewe hataza ya mfumo wa kamera ya mlangoni. Waliipata Desemba 1969. Ni vizuri kukumbuka kwamba wazo la kamera ya nyumbani lilitoka kwa mwanamke aliyekuwa na hofu yake ya kawaida kabisa, wala halikutoka kwa jeshi. Baadaye zikaja kanda za video zilizobadilishwa kila siku, kisha diski kuu, na mwaka 1996 kampuni ya Axis ya Sweden ikauza kamera ya kwanza iliyounganishwa moja kwa moja na mtandao wa kompyuta.

Sasa tuje Nairobi. Tarehe 21 Septemba 2013, siku ya Jumamosi, watu wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab walivamia jengo la maduka la Westgate katika eneo la Westlands. Mzingiro uliendelea kwa siku nne na watu 67 waliuawa. Katika siku zile serikali ilieleza kwamba wavamizi walikuwa kati ya kumi na kumi na tano. Kisha zikatoka picha za kamera za jengo lenyewe, kamera za kibiashara zilizofungwa kwa ajili ya wezi wa kawaida. Zilionyesha wavamizi wanne.

Zilionyesha na jambo jingine. Wanajeshi waliotumwa kuokoa watu walionekana wakitoka katika maduka wakiwa na mifuko. Jeshi lilieleza kwanza kwamba walichukua maji ya kunywa, lakini kabla ya mwezi Oktoba kwisha, mkuu wa majeshi alitangaza kwamba wanajeshi wawili wamefukuzwa na kufungwa. Fikiri, msomaji, ingekuwaje kama kinasa kile kingekuwa mikononi mwa serikali peke yake tangu mwanzo. Simtuhumu mtu. Ninachosema ni kwamba kamera ya mwenye duka ilitoa ushahidi ambao hakuna aliyeupanga, na ushahidi huo uliwagusa wavamizi na waokoaji kwa pamoja.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya serikali. Mwaka 2014 Kenya iliamua kujenga mfumo wake, ikaikabidhi kampuni ya simu ya Safaricom kazi hiyo kwa mkataba wa Shilingi za Kenya bilioni 14.9. Mpango ulitaja kamera 1,800 katika miji ya Nairobi na Mombasa, na vituo vya polisi 195 kuunganishwa na kituo kikuu cha uongozi. Bunge lilisimamisha mambo kwa muda likihoji namna zabuni ilivyotolewa, kisha mkataba ukatiwa saini mwezi Novemba. Nauona muda ule wa kuhoji kuwa sehemu nzuri kuliko zote za kisa hiki, ingawa wengi waliuita ucheleweshaji.

Uganda ilifuata njia hiyo hiyo, ila kichocheo kilikuwa tofauti. Asubuhi ya tarehe 17 Machi 2017, Andrew Felix Kaweesi, ofisa wa ngazi ya juu na msemaji wa polisi, aliuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake jijini Kampala, pamoja na mlinzi wake na dereva wake. Rais Yoweri Museveni aliagiza kamera zifungwe mara moja katika miji mikubwa na kandokando ya barabara kuu. Agizo lilikuwa jepesi kutamka. Juni 2018 mbunge Ibrahim Abiriga aliuawa na watu waliokuwa kwenye pikipiki, na kamera nyingi zilikuwa hazijafungwa bado. Hatimaye ulikuja mkataba na kampuni ya Huawei ya China wenye thamani ya dola za Marekani milioni 126, na kituo kikuu kilizinduliwa katika makao makuu ya polisi huko Naguru mwezi Novemba 2019.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2020, yalizuka maandamano baada ya kukamatwa kwa mgombea urais Robert Kyagulanyi, ajulikanaye kama Bobi Wine. Watu zaidi ya 50 walikufa. Polisi walieleza kwamba picha za kamera ziliwasaidia kuwatambua na kuwakamata washiriki. Hapo wananchi wengi wakatambua kwamba kamera zilizoombwa kwa ajili ya wauaji wa pikipiki zinaweza pia kumtafuta aliyebeba bango. Kisha tarehe 1 Juni 2021 Jenerali Katumba Wamala, aliyekuwa waziri, alishambuliwa kwa risasi jijini humo. Yeye alijeruhiwa, lakini binti yake na dereva wake waliuawa. Picha za washambuliaji wakiwa juu ya pikipiki zilisambaa kila mahali. Kamera iliona, lakini kofia ngumu zilificha nyuso. Mwezi uliofuata serikali ilitia saini mkataba mwingine, safari hii na kampuni ya Urusi, wa kufunga vifaa vya kufuatilia magari na pikipiki kwa kupitia vibao vya namba. Ona jinsi haja moja inavyozaa nyingine.

Naomba sasa tushuke kutoka kwenye mikataba ya mabilioni hadi kwenye kisanduku cheusi kilichowekwa chini ya meza ya duka, kwa kuwa ukijua kinavyofanya kazi utajua pia kinavyoshindwa. Kinasa kina diski kuu, na diski hujaa. Tuseme kamera moja inatuma megabiti mbili kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa picha iliyo wazi kiasi. Kwa saa 24 hiyo ni takribani gigabaiti 21.6. Kamera nne ni gigabaiti 86 kwa siku, na diski ya terabaiti moja itajaa baada ya siku kumi na moja au kumi na mbili. Baada ya hapo kinasa hakisimami wala hakipigi kelele. Hufuta picha za zamani kimyakimya na kuandika mpya juu yake. Watu wengi huambiwa kwamba picha "zimepotea" na kudhani pana hila, ilhali ni hesabu tu. Wakati mwingine pana hila kweli, ndiyo maana hesabu hii inafaa kujulikana.

Kosa la pili ni la saa. Ndani ya kinasa mna betri ndogo ya duara inayotunza saa umeme unapokatika. Ikifa, kila umeme ukirudi chombo huanza na tarehe ya kiwandani. Picha itakuwa safi, sura itaonekana, lakini pembeni pameandikwa mwaka ambao mtuhumiwa alikuwa bado shule ya msingi, na wakili atakayeiona picha hiyo mahakamani atafurahi sana. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, hudai cheti kinachoeleza jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyopatikana na kwamba chombo kilikuwa kikifanya kazi ipasavyo. Kwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 huitaka mahakama ipime kama namna rekodi ilivyotengenezwa na kutunzwa inaaminika. Betri iliyokufa huweza kuitikisa kesi nzima.

Makosa mengine ni ya fundi wa kawaida. Kamera inayoonyesha vizuri mchana na kuzimika usiku mara nyingi inakosa umeme wa kutosha, kwa sababu taa zake za giza huwaka usiku na waya mrefu mwembamba umekwisha kuipunguzia volti. Ukungu mweupe unaotanda usiku huwa ni utando wa buibui mbele ya lenzi, na dawa yake ni kitambaa na ngazi. Kamera iliyoelekezwa kwenye mlango wenye jua nyuma yake itanasa kivuli cha mtu bila sura.

Kosa zito kuliko hayo ni nywila. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vinasa vingi sana duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa zikashindwa kufunguka kwa saa kadhaa. Mwenye duka alidhani analinda mlango wake, kumbe kinasa chake kilikuwa kikimtumikia mtu asiyemjua.

Kenya na Uganda zote zilipata sheria za kulinda data mwaka 2019. Sisi tulipata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Katika sheria hizi picha inayokutambulisha ni taarifa yako, nawe una haki ya kuomba kuifikia. Basi ikiwa umegongwa na pikipiki mbele ya jengo lenye kamera, usingoje wiki mbili. Andika barua siku hiyohiyo kwa msimamizi wa jengo, utaje tarehe, saa, lango, nguo ulizovaa, na uombe picha za kipindi hicho zinakiliwe kabla diski haijazifuta. Omba pia aandike saa iliyoonyeshwa na kinasa wakati wa kunakili na saa halisi ya simu yake, kisha atie saini. Nakala ya barua ibaki kwako, ikiwa na mhuri wa kupokelewa.